Karatasi Iliyobaki Kagongwa

Kabla ya likizo ya Desemba mwaka jana nilikuwa sijawahi kuogopa kitu kwa zaidi ya dakika mbili. Walimu wangu pale Shinyanga ni mashahidi. Mmoja aliandika kwenye ripoti yangu kwamba akili ninazo, ila nimezihifadhi mdomoni. Viboko nilivipokea huku nikimwuliza mwalimu kama mkono haujamchoka. Halafu, nikiwa nimemaliza kidato cha pili na kujiona mtu mzima, nikaogopa siku nane mfululizo, na hofu yenyewe niliipika mimi, nikaipakua mimi.

Yalimhusu babu, baba yake mama, ambaye tunaishi naye Kagongwa. Jicho lake la kushoto lilitobolewa na mwiba wa mgunga alipokuwa mtoto wa kuchunga ng'ombe. Alibaki na la kulia, akalitumia vizuri zaidi ya miaka hamsini, mpaka nalo likaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, walisema zahanati. Kwa miaka miwili ukungu ukazidi. Ng'ombe wake akawa anawajua kwa mlio, wageni kwa harufu ya tumbaku yao, na mimi, alisema, kwa vitu vinavyovunjika.

Kwetu babu na mjukuu ni watani. Mimi ni mke wake mdogo. Bibi ni mke mwenzangu, ambaye babu na mimi tulishakubaliana kwamba hajui kupika. Utani una haki zake. Nikitaka, nateka kitu chake, fimbo au kofia au kiko, nakificha, naye lazima akikomboe kwa karanga au kwa hadithi ya ujana wake yenye uongo wa kutosha. Yeye aliwahi kuficha kiatu changu kimoja kwenye kihenge cha mtama siku ya kufungua shule, nikapanda basi na kandambili. Hakuna kulia, hakuna kukasirika. Mtani akikasirika ameshindwa. Macho yake yalipopungua nikaongeza ufundi. Penye kitu nilichoteka nikawa naacha kikaratasi chenye matusi ya kitani, ili alazimike kumwita mtu amsomee, na msomaji acheke kabla hajamaliza.

Mwezi wa kumi na moja dereva mmoja wa lori akatuletea barua kutoka hospitali ya misheni huko Rwanda. Mjomba ndiye aliyewaandikia. Walijibu kwamba daktari wa macho kutoka Ulaya huwafikia mara mbili kwa mwaka, kwamba babu aletwe Alhamisi ya wiki ya pili ya Desemba, na kwamba asichelewe, kwa kuwa Jumamosi daktari anarudi kwao kula Krismasi. Jicho likikaa miezi sita mingine, waliandika, hawaahidi kitu. Bibi aliomba asomewe sentensi hiyo mara mbili. Mara ya tatu hakuomba.

Mjomba ni kaka yake mama, mfanyabiashara wa mpunga mwenye pikapu ya Pijo, na ndiye mwoga kuliko wote katika ukoo. Nalisema hili sasa kwa heshima. Siku zile nilikuwa nalisema kwa kuigiza. Alikuwa akituambia kwamba nje si nyumbani: nyumbani ukigonga mbuzi wa mtu mnakaa chini, mnagundua bibi yake na bibi yako walichota maji kisima kimoja, mambo yanakwisha. Ukivuka mpaka, bibi yako hamsaidii mtu. Basi akaenda Shinyanga mjini mara tatu kwenye ofisi ya bima, akarudi mara mbili mikono mitupu na mara ya tatu na barua yenye mihuri miwili, inayosema kwamba pikapu ile ina bima hata nje ya nchi, na kwamba likimpata mtu jambo barabarani, bima italibeba. Akatupeleka kuchomwa sindano za kipindupindu, mkono wangu ukavimba kama andazi, na kadi zetu akazifunga kwa uzi tuzivae shingoni. Nilimwuliza kama tunakwenda Rwanda au mnadani. Hakucheka.

Barua ya bima alikabidhiwa babu. Ndivyo ilivyo kwetu, karatasi za safari huwekwa na mkubwa wa safari, hata kama mkubwa mwenyewe haoni; askari akitaka kuingiza mkono mfukoni kwa mzee lazima aanze na shikamoo, na mtu aliyekwisha kutoa shikamoo ukali humpungua. Babu aliitia ndani ya bahasha, bahasha ndani ya nailoni, nailoni ndani ya mfuko wa ndani wa koti lake jeusi. Akalala na koti.

Jumanne alfajiri bibi alitusimamisha mbele ya pikapu. Alichanganya maji na unga wa mtama, akayatia kinywani, akatupulizia usoni mmoja mmoja huku akiwatajia wazee waliotangulia safari yetu na barabara tutakayopita. Babu alimwambia mjomba kwamba hiyo ndiyo bima. Mjomba akajibu kwamba haina mhuri. Tukacheka wote, na babu akavua koti anawe uso, akanipa nimshikie.

Tangu jana yake nilikuwa na kikaratasi tayari. Nikachomoa ile bahasha, nikatia kikaratasi changu mahali pake, mle mle ndani ya nailoni. Bahasha nikaisukuma chini kabisa ya kapu la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa kuwa chakula cha njiani kilikuwa mikononi mwangu. Mpango wangu ulikuwa mfupi: tukisimama kula, namwambia babu apapase mfuko, mtu anamsomea kikaratasi, natoa bahasha, nalipwa hadithi. Kazi ya nusu saa. Nikamrudishia koti na kumfunga vifungo kama mke mwema.

Tulisimama kula Ushirombo. Palikuwa na mama muuza chai, na wachimbaji wanne wenye sururu na mabeseni wakisubiri lori la kuwarudisha machimboni Rwamgasa, wekundu wa vumbi toka nywele mpaka kucha. Mjomba, aliyekuwa amekwisha kuchangamka, akawaeleza habari za bima yake, mihuri yote miwili. Mchimbaji mmoja alisema wao pia wanayo: matimba, yale magogo ya kuzuia shimo lisiwaangukie. Mwenzake akamwambia aseme na ukweli, kwamba magogo yenyewe wameazima.

Mimi nilikuwa nyuma ya pikapu natafuta kapu. Palikuwa na godoro la babu, dumu la petroli, gunia dogo la mchele wa kuwapa watu wa hospitali, na fuko jipya la mama lenye wali na kuku wa kukaanga. Kapu halikuwapo. Nikainua godoro, nikainua gunia. Ndipo nikakumbuka kwamba wakati tunaagana mama alikuwa ameshuka na kitu mkononi, akisema mgonjwa hawezi kula michembe kama mtu anayehama na mifugo.

Nataka niseme vizuri nilivyofanya, kwa kuwa hapo ndipo kosa lilipo. Kuteka bahasha ulikuwa utani. Kunyamaza haukuwa utani. Tulikuwa tumetembea nusu siku. Petroli mjomba aliipata kwa kibali na ilitosha kwenda, basi. Ya kurudi angeitafuta hukohuko. Tukigeuza, Alhamisi inatupita, na daktari anapanda ndege. Nikajiambia kwamba nikisema nalipofusha jicho la babu, na nisiposema huenda hakuna atakayeuliza. Mjomba ataendesha polepole kama kawaida yake. Karatasi ya bima ni kama kizima moto cha shuleni kwetu, kipo ukutani na hakuna aliyewahi kukigusa. Nilitafuta mfano wa kunichekesha nikaupata huo, nikacheka peke yangu.

Kuanzia hapo sikusikia barabara. Tulilala Lusahunga, na asubuhi kila lori tulilopishana nalo nililihesabu kama limetukosa. Babu aliniuliza kwa nini mke wake mdogo amekuwa bubu. Nikamwambia nina homa ya sindano. Akanishika paji la uso, akasema ni baridi.

Rusumo tulifika mchana, mvua ikimwagika. Maporomoko ya Kagera yananguruma chini ya daraja hata unaona wali wa jana unatikisika tumboni. Ng'ambo ya pili afisa alitoka na mwavuli, akatazama nyuso zetu, akatazama kadi zetu shingoni, akamwuliza mjomba kwa Kiswahili kama gari lina bima. Mjomba akasema linayo, karatasi anayo mzee. Babu akaupeleka mkono kifuani. Nilishika ubao wa kiti. Sala zote nilizofundishwa zilinitoka, nikabaki na moja ya kuombea chakula, nikaisema hiyo. Upepo ukageuza mwavuli wa afisa, naye akatupungia mkono tupite.

Mjomba akasema bibi yenu anajua kupuliza. Nilipaswa kufurahi. Nilianza kuhesabu malori upya.

Halafu kuna jambo la upande. Huko watu huendesha kulia. Ukivuka lile daraja unahama upande, kama mtu aliyebadilishiwa mkono wa kulia chakula. Mjomba alikuwa anaisema barabara yote kwa sauti: kulia, kulia, kulia. Na zile si barabara za kwetu. Sisi wa Shinyanga tumezoea nchi iliyolala. Ukipanda kichuguu unaona mpaka kesho. Kule ardhi imesimama. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine migomba iko chini yako, na chini ya migomba kuna vilele vya migomba mingine. Babu peke yake alikuwa ametulia, maana hakuona.

Mahali fulani kwenye kona, lori la mizigo likatutokea mbele kwa honi. Mjomba akashtuka, na mtu akishtuka mkono wake hurudi nyumbani: akavuta kushoto. Lori likatukosa. Lakini kushoto palikuwa na mtu anapanda mlima akisukuma baiskeli yenye madumu ya pombe ya ndizi. Nilisikia mlio wa bati, kisha mlio mwingine usiokuwa wa bati.

Alikuwa hai. Mguu wake ulikunjwa mahali pasipo na goti. Pombe ilitiririka barabarani ikinukia tamu, na kutoka kwenye migomba watu wakaanza kutokea, wanawake kwa wanaume, wengi wao na majembe. Kwetu watu wangepiga kelele, na kelele zina nafuu, unajua kila mtu anawaza nini. Hawa walinyamaza. Walisimama wakatuzunguka, wakatazama namba za gari letu, wakanyamaza. Nilimshika babu mkono, naye akauliza kwa Kisukuma, taratibu, ni mtu au ni mnyama. Nikamwambia mtu. Akavua kofia.

Tulimpakia yule bwana kwenye godoro la babu, pamoja na binti yake wa rika langu aliyekuwa akitembea nyuma yake, tukamfikisha zahanati. Kutoka hapo jandarma wawili, askari wa huko, wakatupeleka ofisi ya serikali iliyo jirani. Mkubwa wao alijua Kiswahili, aliwahi kufanya kazi Bukoba. Hakuwa mkali. Alieleza kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni: kama gari lina bima, anaandika namba, anagonga muhuri, bima itashughulika na mguu wa yule bwana, nasi tunaendelea kwa daktari wetu leo leo. Kama halina, gari linabaki, na dereva anabaki pamoja na gari, mpaka ndugu wa majeruhi waridhike.

Mjomba akashusha pumzi mpaka mabega yakafika mahali pake. Nilimwona akifurahia uoga wake wote, safari tatu za Shinyanga, kila tulipomcheka. Akasema, "Baba, wape karatasi."

Nilipaswa kusema sasa. Mdomo uliowahi kumjibu mkuu wa shule mbele ya paredi nikaufumba. Babu alitoa nailoni, akaifungua kwa vidole vyake virefu, akampa jandarma kile kilichokuwa ndani kwa mikono miwili, kwa heshima. Dirishani binti wa majeruhi alikuwa amesimama anatutazama, kiganja kwenye kioo.

Jandarma alikunjua, akatazama, akageuza nyuma, akarudi mbele. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la pili: "Mume wangu kipofu. Bima yako nimeiteka. Mke mkubwa asikusaidie. Lete karanga debe moja, la sivyo naifungia maandazi."

Kipofu. Kagongwa neno hilo lingemfanya babu acheke mpaka akohoe. Mle ofisini lilikaa kama lilivyo.

Hakuna aliyeniuliza nani ameandika. Babu aligeuza uso upande wangu, si juu yangu hasa, pembeni kidogo, alipodhani nipo. "Iko wapi?"

"Kwenye kapu la michembe. Kapu limebaki nyumbani."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari umefika kwenye ulimi. "Ushirombo," nikasema.

Mjomba akakaa chini sakafuni. Jandarma alikikunja kile kikaratasi sawasawa, akakiweka mezani. Alisema hata kwao babu na mjukuu hutaniana, lakini hawatanii na karatasi.

"Kuanzia sasa mimi si mtani wako," babu akasema. "Mimi ni babu yako. Kaa kimya."

Nimepigwa maishani na nimesahau nilipigwa na nani. Hilo sitalisahau.

Jioni ile lori moja la kwetu lilipita likirudi Kahama, nami nikamwandikia mama barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika, dereva akaitia mfukoni, akasema ataifikisha Mungu akipenda. Mjomba akabaki pale na pikapu, si pingu wala nini, ila na kiti mlangoni na jandarma karibu. Kabla hatujaachana aliniita pembeni. Nilingoja kofi. Akanipa kadi ya anwani ya hospitali na gunia dogo la mchele, akasema, "Macho yake ni wewe sasa. Kuna shimo, sema. Hakuna shimo, nyamaza."

Alhamisi tulingoja gari tangu asubuhi na tukapata la ndizi saa saba. Lilitushusha chini ya kilima, na hospitali iko juu yake. Tulipanda kwa miguu, babu ameshika ncha moja ya fimbo na mimi nyingine, mvua ikinyesha. Nilisema: jiwe. Nilisema: maji. Nilisema: hapa pembeni hakuna kitu, babu, kaa upande wangu. Lugha ya wapita njia sikuijua hata neno la salamu, na kila aliyetutazama nilidhani ameshasikia habari za baiskeli. Kadi za kipindupindu zilitugonga vifuani. Babu hakuniambia neno njia nzima isipokuwa mara moja, nilipoteleza, aliponiuliza kama nimeumia.

Langoni sista mmoja mwenye Kiswahili cha Kongo alituambia kwamba jina la babu liliitwa asubuhi mara tatu. Orodha imefungwa. Nilimweleza yote, tangu kapu, sikupunguza kitu wala sikuchekesha popote. Alisikiliza hadi mwisho, akasema tulale barazani na wengine, kesho ataongea na daktari, ila hatuahidi kitu.

Ijumaa babu akawa wa mwisho kabisa kuangaliwa. Daktari alimulika jicho kwa taa ndogo, akaongea Kifaransa haraka, akaenda kunawa mikono. Sista akaja na karatasi. Alisema wanafanya leo au hawafanyi, na jamaa wa mgonjwa anayejua kuandika lazima atie sahihi. Nikasema jamaa ni mjomba, naye amezuiliwa na gari. Akasema, basi jamaa ni wewe.

Aliisoma kwa Kifaransa, kisha akanigeuzia kwa Kiswahili chake, mstari mmoja mmoja. Jicho linaweza kupona. Linaweza kuoza. Linaweza kubaki kama lilivyo. Likiharibika hakuna wa kudaiwa, si daktari, si hospitali. Nikamwuliza kama hakuna bima ya jambo kama hilo.

"Ya gari iko," akasema. "Ya jicho haiko."

Babu alitaka kujua imeandikwaje. Nikamwambia kwa Kisukuma, lote, hata lile la kuoza.

"Hujageuza kitu?"

"Sijageuza, babu."

"Hujaficha?"

"Sijaficha."

Lilikuwa jicho lake la mwisho, nje ya hilo hapakuwa na lingine la kujaribia. Angeweza kumwomba sista amsomee mwenyewe, Kiswahili anakijua. Akasema, "Basi andika."

Niliandika jina langu lote, na la baba, na la ukoo, kwa mwandiko ambao mwalimu wangu angeukataa. Wakamchukua.

Siku zilizofuata sitaki kuzirefusha. Walimlaza chali na vifuko vya mchanga kila upande wa kichwa, jicho limefungwa, marufuku kukohoa, marufuku kuinama, marufuku kucheka. Hilo la mwisho sista alilisema huku ananitazama. Jumamosi daktari akaondoka kweli. Niliona gari lake likishuka kilima. Kila babu alipokunja uso nilidhani ndiyo linaoza. Nilikuwa nanusa bandeji akilala. Nilimlisha uji kwa kijiko, akasema asante kila kijiko, na kila asante ilinikata, kwa sababu mtu hamshukuru mke wake mdogo hivyo. Humwambia uji una mabonge na mapishi alirithi kwa mke mwenzake.

Jumatatu mjomba akatokea mlangoni, mchafu, ndevu zimeota. Dereva alikuwa amefikisha barua, mama akamwaga kapu zima uani, na lori jingine likaileta bahasha mpaka kwa jandarma. Yule mkubwa akaandika namba, akagonga muhuri wake chini ya ile miwili, akamrudishia mjomba funguo. Yule bwana wa baiskeli mguu wake uko kwenye plasta na analalamikia pombe yake. Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya jiko la hospitali, nikalia kwa ajili ya mguu wa mtu nisiyejua hata jina lake.

Jumanne sista alifungua bandeji. Babu alifumba, akafumbua, machozi yakamtoka upande mmoja. Sista akamvisha miwani mizito kama vitako vya chupa. Mjomba alikuwa ameshika kofia yake kama iliyokufa.

"Dirisha lina vyuma sita," babu akasema. "Cha pili kutoka huku kimepinda." Kisha uso wake ukaja kwangu, safari hii juu yangu hasa, ukabaki muda. "Umekonda," akasema, na kwa Kisukuma akaniita ng'wanone, mwanangu. Si mke wangu. Mwanangu.

Sasa ni mwezi wa tano, nami niko kidato cha tatu. Watu wa Kagongwa wanasema mzee anaona mpaka dhambi. Ng'ombe anawatambua kwa rangi, na mimi ananitambua kwa uso. Utani haujarudi. Nimejaribu mara moja, nilimwita mume wangu mbele ya wageni, akaniitikia vizuri kama mtu anayeitikia salamu ya mwalimu. Bibi anasema nimpe muda. Nampa.

Mwezi ujao, likizo ikianza, tunarudi kule kwa kipimo. Mjomba ameshakwenda Shinyanga mjini, mara mbili tu safari hii, na wiki iliyopita, nilipokuwa nyumbani kwa ruhusa ya shule, alikuja na barua mpya ya bima. Akampa babu kama kawaida. Babu aliisogeza karibu na miwani, akaisoma mwenyewe, mbele na nyuma, mjomba akingoja amesimama. Kisha akaninyooshea mimi.

Nikasema siitaki. Nilirudi nyuma kabisa, mpaka nikagusa ukuta. Mjomba naye akaanza kusema kwamba labda, baba, kwa yaliyotokea.

"Wewe unaogopa nje," babu akamwambia. "Mimi siogopi kitu, ndiyo maana niliibiwa huku nikifungwa vifungo. Huyu anaiogopa hii karatasi yenyewe. Akae nayo."

Ninayo. Nimeishonea mfuko ndani ya sketi ya shule, na kwa kuwa bado niko bwenini huku Shinyanga nimewaambia wenzangu kwamba ni hirizi, ili wasiiguse. Usiku na mchana naipapasa. Jana, kwenye somo la jiografia, nilifukuzwa darasani kwa kutosikiliza. Mwalimu alikuwa anaeleza bonde la mto Kagera, nami nilikuwa nahesabu mihuri kwa kidole, moja, mbili, kisha tena toka mwanzo.